Nani Aliyempiga Refa?

Jumamosi asubuhi, Chiriku alikuwa anapiga pasi shati lake jeusi kwa mara ya pili. Mama yake ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kiwanda cha mikate. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Hilo shati litaungua," mama alisema. "Lina kosa gani?"

"Kola, mama. Refa mwenye kola iliyojikunja, watu wanamuona wa kuchezea."

Jina la Chiriku alipewa na baba yake. Alipokuwa mdogo hakuishiwa maneno, kama yule ndege. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Siku za kazi alihudumu kwenye duka la kutoa nakala. Jumamosi alichezesha mechi za watoto. Alikuwa amesomea urefa miezi mitatu, akafanya mtihani, akafaulu. Cheti chake baba alikitundika karakanani kwake, katikati ya matairi.

Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli, na mpira ulikuwa ugonjwa wake. Akienda kuangalia mechi, sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Refa, nunua miwani!" Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Leo siwezi kuja," baba alisema mlangoni, mikono ikiwa imejaa grisi. "Nina baiskeli mbili za watu na wote wawili wanazitaka mchana."

"Basi nitakwenda mimi," mama alisema. "Mwaka mzima huyu anachezesha, mimi sijamuona hata siku moja."

"Hutalala?" Chiriku aliuliza.

"Nitalala kesho. Twende."

Ilikuwa mechi ya wasichana wasiozidi miaka kumi na tatu. Uwanja ulikuwa wa vumbi, na mistari yake ilichorwa kwa chokaa. Watu walikuwa wengi, pengine mia mbili. Hapakuwa na kamba wala uzio. Wazazi walisimama juu ya mstari wenyewe, na wengine walikuwa tayari wameuvuka.

Chiriku alimfuata mwenyekiti wa klabu yenye uwanja. Mama alikuwa karibu, akasikia kila neno.

"Mwenyekiti, shikamoo. Naomba mtu wa kuwarudisha hawa wazazi nyuma ya mstari."

"Marahaba. Wewe puliza kipenga tu, binti. Hayo tuachie sisi."

Kisha mwenyekiti akaenda kukaa kivulini, akawasha simu yake. Hakumtuma mtu yeyote.

Mechi ilianza. Mama hakujua sheria za mpira, kwa hiyo alimtazama mwanawe. Alimuona akikimbia bila kuchoka. Alimuona akimsaidia mtoto aliyefunguka kamba za kiatu. Akajisemea moyoni, kumbe hii ndiyo kazi yake. Ni kama mwalimu.

Lakini kocha wa wenyeji alikuwa hatulii. Kila kipenga kilipolia, alirusha mikono juu. Mpira wa kurusha ukienda kwa wageni, alipiga kofia yake chini.

"Mnaona?" aliwaambia wazazi. "Mnaona tunavyoibiwa?"

Chiriku alimfuata, akamuonya kwa upole. Kocha akatabasamu. Chiriku alipogeuka, kocha akamwiga anavyotembea, na wazazi wakaangua kicheko. Dakika kama kumi baadaye Chiriku alimpa kadi ya njano.

"Kadi kwangu mimi?" kocha alipaza sauti. "Huyu ameletwa! Mwizi huyu!"

Wazazi wakalidaka neno hilo. "Mwizi! Mwizi!" Watu wazima, wenye watoto, walilisema kwa pamoja wakipiga makofi. Mama aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyevuliwa nguo. Alimwambia mama mwingine aliyesimama kando yake, "Huyo ni mtoto wa watu, jamani."

"Aah, dada, huo ni mpira," yule mwingine alimjibu. "Asiyetaka kelele akae nyumbani."

Zilipobaki dakika tatu, matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Mpira ulipigwa kuelekea goli la wenyeji. Nahodha wao, msichana aliyevaa namba nne, alinyoosha mkono akaugusa. Chiriku alikuwa hatua tano tu kutoka pale. Akapuliza kipenga na kuonyesha kwa kidole. Penalti.

Kocha aliingia uwanjani akikimbia. "Haiwezekani! Leo hatutoki hapa!"

Nyuma yake alifuata baba wa nahodha. Alikuwa dereva wa lori, mtu mkubwa wa kifua, na kwa sababu ya lori lake watu walimwita Tani Kumi. Alipita katikati ya watoto. Alimpiga Chiriku kofi la sikio kwa mkono uliofunguka wote.

Chiriku aliangukia ubavu. Kipenga kiliruka kutoka mdomoni.

Kuna mtu alishangilia. Mama hatasahau hilo. Kuna mtu, pale pembeni, alishangilia. Wengine walinyanyua simu ili wapate picha nzuri. Watoto ndio waliolia. Golikipa wa wageni alivua glavu zake akakaa chini na kujifunika uso.

Mama alikimbia mpaka pale. Alimkuta mwanawe ameshika sikio, damu kidogo ikitoka kati ya vidole.

"Chiriku. Niambie kitu."

Chiriku alimtazama tu. Midomo ilicheza bila sauti.

Mwenyekiti sasa alikuwa ametoka kivulini. Mama alidhani anakuja kusaidia. Yeye alisimama juu yao, akaangalia saa, akawauliza watu, "Jamani, nani mwingine hapa anaweza kupuliza kipenga? Zimebaki dakika tatu tu, tumalizie."

Mama akainua uso. "Tumalizie?" alisema. "Mwanangu anatoka damu sikioni, wewe unataka kumalizia?"

"Usikasirike, mama. Mchezo ni hisia. Hutokea."

Hakuna aliyekiokota kipenga, na mechi ikavunjika. Mwamuzi msaidizi, kijana wa mstari, alikuwa ameshatupa kibendera chake na kukimbia.

*

Hospitalini, daktari alimulika sikio kwa kitochi kidogo. "Ngoma ya sikio imetoboka," alisema. "Mara nyingi inaziba yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lisiingie maji. Na arudi nimuone tena. Huyu alipigwa na nini?"

"Na mzazi," mama alisema.

Daktari aliandika, kisha akasimamisha kalamu. "Mzazi wa nani?"

Walipofika nyumbani, baba alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakupiga kelele hata kidogo. Alikwenda karakanani, akarudi na spana kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

"Anakaa wapi huyo Tani Kumi?"

"Baba Chiriku, weka hicho kitu chini," mama alisema.

"Amempiga mwanangu!"

"Najua! Nilikuwepo! Ukimpiga na wewe, kesho nitampeleka huyu hospitali, na wewe nikuletee chakula mahabusu. Nina miguu mingapi mimi?"

Wakati huo jirani yao aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwanamke aliyestaafu ukarani wa mahakama, na mpaka leo watu walimwita Karani. Kwa miaka thelathini alikuwa amepokea na kupanga mafaili ya kesi. Alikuwa amesikia habari dukani.

"Fundi," Karani alisema, "hiyo spana ni ya kufungia nini?"

Baba aliitazama spana mkononi mwake.

"Nimeona wengi wa namna yako. Wanaingia mahakamani wakiwa na haki, wanatoka wakiwa washitakiwa. Kaa." Kisha akamgeukia mama. "Hospitali mmekwenda. Vizuri. Karatasi za daktari ziko wapi?"

Mama alizitoa kwenye mkoba.

"Msizipoteze. Polisi je?"

"Polisi tena?" mama aliuliza. "Kwa mambo ya mpira?"

Karani alivuta kiti. "Nisikilize vizuri. Kumpiga mtu ni kosa la jinai. Ukimpiga sokoni ni kosa, ukimpiga uwanjani ni kosa lilelile. Uwanja wa mpira si nchi nyingine yenye sheria zake. Mnakwenda kituoni leo hii, anaandikisha maelezo, anapewa fomu ya polisi, na daktari anaijaza. Halafu Chiriku ana ripoti yake ya mechi. Refa huandika ripoti, sivyo?"

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Alisema kwa mara ya kwanza tangu uwanjani, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Naandika. Inakwenda kwa chama cha mpira."

"Andika leo, kabla watu hawajaanza kukueleza ulichokiona. Andika kila kitu. Usiandike hasira. Andika dakika, maneno, na nani alisimama wapi."

*

Jioni ile walikwenda kituoni, na usiku Chiriku akaandika ripoti yake. Siku ya pili yake, Jumapili mchana, mwenyekiti na kocha walikuja nyumbani. Walikuwa wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa. Karani alikuwepo, amekaa kimya na kikombe chake cha chai.

"Tumekuja kuwapa pole," mwenyekiti alisema. "Na kuomba jambo hili liishe kifamilia. Polisi, chama, ya nini yote hayo? Ligi ya watoto itachafuka. Na aliyekosa ni mtu mmoja tu. Klabu haihusiki."

"Mimi sikumgusa," kocha aliongeza haraka. "Mashahidi wapo."

Mama alikuwa amepanga kukaa kimya. Alishindwa.

"Hukumgusa," alisema. "Ulisimama pale saa nzima ukiwaambia watu kwamba mwanangu ni mwizi. Wewe unajua mwizi hufanywa nini na kundi la watu? Unajua! Kila mtu hapa anajua! Ulimtia jina hilo mbele ya watu mia mbili. Sasa unakuja kwangu na viatu vilivyopigwa rangi kuniambia hukumgusa?"

Kocha alitazama chini.

"Na wewe mwenyekiti," mama aliendelea, "nilikusikia kwa masikio yangu. Aliomba mtu wa kurudisha watu nyuma. Ukasema tuachie sisi. Mlifanya nini?"

"Mama, uwanja ni mkubwa, hatuna watu..."

Chiriku alinyanyuka. Alikwenda chumbani, akarudi na daftari dogo, lile ambalo marefa huweka mfukoni. Alilifungua, akasoma.

"Kabla ya mechi: niliomba mtu wa kuwaweka wazazi nyuma ya mstari. Mwenyekiti alikubali. Hakuletwa mtu. Dakika ya kumi na nne: nilimuonya kocha wa wenyeji kwa sababu ya maneno yake ya dharau. Dakika ya ishirini na tano: kadi ya njano. Mapumziko: nilimwomba tena mwenyekiti. Alisema, usiwe na wasiwasi." Alifunga daftari. "Nilikuwa nawaambia. Muda wote nilikuwa nawaambia."

Karani aliweka kikombe chini.

"Mwenyekiti, nikuulize. Kanuni za ligi yenu zinasema usalama wa refa uwanjani kwenu ni jukumu la nani?"

Mwenyekiti alikohoa. "La klabu yenye uwanja."

"Na mzazi wa timu yenu akivamia uwanja?"

"Klabu... klabu inajibu."

"Kwa hiyo mnahusika." Karani hakupandisha sauti. "Mkono ni wa Tani Kumi, na huo ataujibia yeye, asijifiche nyuma ya mtu yeyote. Lakini mkono ule ulifunguliwa mlango na wewe, na ulichochewa na huyu kocha wako. Tangu mwaka uanze marefa wangapi wameacha?"

Chiriku ndiye aliyejibu. "Sita. Tulisoma kumi na mmoja. Mmoja alitemewa mate, mmoja alirushiwa chupa. Tulipolalamika, chama kilituambia tuvumilie, tutazoea."

"Tutazoea!" baba aliruka kutoka kitini. "Yaani watu wazima mnawafanyia watoto wetu hivyo, mnawatukana, mnawa..."

"Baba," Chiriku alisema.

Aliposema hivyo, kila mtu alimgeukia.

"Hata wewe, baba. Refa nunua miwani. Refa, nani kakuhonga leo. Nakusikia tangu nikiwa darasa la tatu."

Baba alisimama palepale, mdomo wazi. "Lakini mimi ni utani. Mimi sijawahi kumgusa mtu."

"Ndivyo kocha alivyosema sasa hivi," Chiriku alijibu.

Baba alikaa chini. Alifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. Wageni waliondoka bila kumaliza chai, na kesi haikufutwa.

*

Wiki tatu zilizofuata hazikuwa rahisi. Wateja wawili walihamisha baiskeli zao kwa fundi mwingine. Kiwandani, mfanyakazi mmoja alimwambia mama, "Mnataka kumfunga mtu kwa ajili ya kofi?" Mama aliendelea kukanda unga. "Siku binti yako akipigwa kazini," alijibu, "uje uniulize tena."

Lakini kuna waliosaidia pia. Kijana muuza vocha, aliyerekodi kwa simu ili watu wacheke, alileta video yake mwenyewe. "Nimeitazama tena nyumbani," alisema. "Sikucheka."

Kamati ya chama ilikutana kwenye darasa la shule. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Ripoti ya Chiriku ilisomwa yote. Video ilionyeshwa. Sauti ya kocha ilisikika wazi, ikifuatwa na sauti za wazazi. Kisha kofi. Kisha ule ushangiliaji. Mwenyekiti wa kamati aliomba video irudiwe, na mara ya pili watu wengi waliangalia sakafu.

Tani Kumi aliitwa. Alikuwa ameshafika mahakamani na kukiri kosa, alikuwa anangoja hukumu. Alisimama akishika kofia kwa mikono yote miwili.

"Nikisema nilipandwa na hasira, mtaniambia hasira si sababu, na kweli si sababu," alisema. "Nataka kusema jambo moja. Tulipofika nyumbani siku ile, nilimwambia binti yangu, nimekutetea. Akaniambia, 'Baba, niliushika mpira. Mimi nilijua, refa alijua. Ni wewe tu ambaye hukujua.' Tangu siku ile hajaenda mazoezini. Ananiandalia chakula, lakini haniangalii." Alimgeukia Chiriku. "Nisamehe, mwanangu. Ukikataa, una haki."

Chiriku alifikiri kidogo. "Msamaha tutazungumza baadaye," alisema. "Kwanza mwambie nahodha arudi mazoezini. Yeye hana kosa. Ile ilikuwa penalti tu."

Kamati ilitoa uamuzi. Tani Kumi asionekane uwanja wowote wa ligi kwa miaka miwili. Kocha asifundishe msimu mzima, na akitaka kurudi, kwanza asomee kozi ya urefa na achezeshe mechi kumi za watoto. Klabu ilihesabiwa kuwa imepoteza mechi ile, na mwenyekiti wake akasimamishwa. Chama chenyewe hakikusalimika. Karani alisimama akauliza ni nani aliyewaambia marefa watazoea. Katibu wa chama alinyoosha mkono polepole, akaomba radhi mbele ya wote.

Mahakama nayo ilitoa hukumu yake. Tani Kumi alipewa kifungo cha nje cha miezi sita, kila Jumamosi asubuhi akifagia na kuzibua mitaro ya hospitali ileile alikotibiwa Chiriku.

Kanuni mpya zilibandikwa kila uwanja. Kamba ifungwe hatua tatu nje ya mstari. Kila klabu itoe wazazi wanne wenye vizibao vya rangi ya chungwa wa kulinda kamba hiyo. Wasipokuwepo, mechi haianzi. Refa akitukanwa, anasimamisha mchezo. Akitukanwa tena, mechi imekwisha. Na refa akiumizwa, chama ndicho kinachokwenda naye polisi.

Mama alikuwa wa kwanza kujiandikisha kuvaa kizibao.

*

Sikio la Chiriku liliziba baada ya wiki saba. Hakurudi uwanjani siku hiyo hiyo. Mara mbili alivaa shati, akalivua. Hakuna aliyemsukuma. Mara ya tatu alilivaa akatoka.

Siku hiyo kamba ilikuwa imefungwa. Mama alikuwa upande wa mashariki na kizibao chake kikubwa kilichofika magotini. Baba alikuwa kati ya watazamaji, mikono nyuma. Kipindi cha pili, mpira uliguswa mara ya mwisho na mshambuliaji ukatoka nje nyuma ya goli. Chiriku alitoa kona badala ya kutoa mpira wa goli. Lilikuwa kosa, na wengi waliliona.

Mzazi mmoja alivuta pumzi, akafungua mdomo. Mama alikuwa ameshafika mbele yake.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "unataka mechi iendelee, au unataka kuwaeleza watoto kwa nini imekwisha?"

Yule mzazi alifunga mdomo. Kona ikapigwa. Golikipa akaidaka. Mchezo ukaendelea mpaka mwisho, na watoto wote ishirini na wawili walikwenda kumpa refa mkono.

Walirudi nyumbani watatu kwa miguu. Chiriku alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa anazungumza bila kupumua: kuhusu yule winga mfupi, kuhusu golikipa, kuhusu upepo. Ghafla akasimama.

"Ile kona nilikosea," alisema.

"Niliona," baba alijibu.

"Uliona? Mbona hukusema kitu?"

"Nilikaa kimya dakika sitini, mwanangu. Nusura nipasuke."

Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akacheka, akamvua mumewe kofia akampiga nayo begani. Kisha Chiriku akatoa daftari lake, akaandika kosa lake, dakika ya arobaini na nane, ili Jumamosi ijayo asilirudie.